Moto wa Mpakani

Mwaka wa sitini na nane Gathogo alihama Nyeri pamoja na mkewe Nyaguthii, wakaja kukaa mahali paitwapo Ziwa, kaskazini mwa Eldoret. Kule walikotoka shamba lao lilikuwa dogo hivi kwamba jirani akipiga chafya nyumbani kwake, wao humpa pole wakiwa wamekaa jikoni. Walikuwa wamejiunga na kikundi cha watu waliochanga wakanunua shamba la Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kura ya kugawana ilipopigwa, Gathogo na mkewe wakaangukia kipande cha mwisho kule chini, karibu na mto.

Pamoja na shamba ilibaki Landrova kuukuu. Mzungu alikuwa ameuza ng'ombe, matrekta, hata milango ya zizi, lakini gari ile hakuna aliyeitaka. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na betri ilikuwa dhaifu, ikiweza kutoa cheche lakini si kuizungusha injini. Wenzake kikundini waliicheka. Gathogo hakucheka. Katika ujana wake alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, huko Thika, na kwa miaka hiyo alikuwa ameona madereva wakifufua magari mabovu kuliko hiyo. Akaomba apewe, akapewa. Akaiosha, akaizungusha kwa hendeli, kile chuma cha kuwashia kinachochomekwa mbele, asubuhi nzima, mpaka ikakohoa ikawaka. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maziwa ya majirani Eldoret kila asubuhi, mikebe ikigongana nyuma.

Ng'ambo ya pili ya ua aliishi Wilson Kimeli. Kimeli alizaliwa kwenye shamba lile lile, babake akiwa mchungaji wa fahali wa Mzungu, na yeye mwenyewe alianza kuogesha ng'ombe kwenye josho kabla ya kuota ndevu. Uhuru ulipokuja, yeye na ndugu zake waliuza mifugo wakanunua sehemu iliyopakana na ile ya kikundi. Walikuwa wametaka pia kile kipande cha chini, lakini kikundi kiliwahi.

Njia ya ng'ombe wa Kimeli kwenda mtoni ilikata pembe ya shamba la Gathogo. Ilikuwa njia ya zamani kuliko wao wote, na Gathogo hakuona sababu ya kuifunga. Waliishi vizuri. Kimeli ndiye aliyemwonyesha mahali ambapo baridi ya usiku huunguza viazi, na mahali ambapo maji husimama mwezi wa nane ukidhani ni udongo mzuri. Mkewe Jepkosgei alimletea Nyaguthii maziwa mpaka ng'ombe wao wa kwanza alipozaa.

Mambo yaliharibika wakati wa kiangazi.

Mwezi wa Desemba, baada ya kuvuna ngano, sehemu ya mabua iliungua karibu na ua. Haikuwa kubwa, na watu walisema pengine ni sigara ya mpita njia, ingawa Kimeli alikuwa amepitisha ng'ombe wake pale asubuhi hiyo. Lakini mwishoni mwa Januari liliungua lundo la nyasi kavu ambalo Gathogo alikuwa amelikusanya kwa ajili ya ng'ombe wake. Alasiri hiyo alikuwa amepeleka mzigo wa mwisho kwa Landrova, akaupakua, akarudi nyumbani kunywa chai. Kikombe hakijafika nusu, Nyaguthii aliona moshi.

Walikimbia na magunia yaliyoloweshwa maji, majirani nao wakaja, lakini nyasi kavu haimsubiri mtu. Walipofika, upande wa pili wa lundo alikuwa amesimama Kimeli, jasho likimtiririka, ameshika tawi lenye majani yaliyokauka kwa joto. Ng'ombe wake walikuwa nyuma yake.

"Mimi nimekuta inawaka," Kimeli alisema.

Gathogo alimtazama, kisha akatazama chakula cha ng'ombe wake kikigeuka majivu. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kila moto ukiwaka hapa, wewe uko karibu."

Kimeli aliliangusha tawi, akawapigia ng'ombe wake mluzi, akaenda zake.

Kesho yake Gathogo alifunga ile njia kwa seng'enge, nyuzi tano, zikivutwa mpaka zikalia. Ng'ombe wa Kimeli wakawa wanazunguka kwa barabara ya changarawe, safari ndefu ya vumbi, ili wafike mtoni. Wanakikundi nao walikuwa na yao ya kusema. Mzee Zachariah, mwenyekiti, aliitisha mkutano wa Jumamosi ya wiki iliyofuata ili wakubaliane kulipeleka jina la Kimeli kwa chifu. Vijana kadhaa walikuwa wanasema chifu ni wa nini, wangelimaliza wenyewe.

Nyaguthii alimwuliza mumewe walipokuwa wakikamua, "Baba Wamucii, ulimwona akiwasha?"

"Sikumwona akiwasha. Nilimwona akiwa pale."

"Hata mimi nilikuwa pale."

"Wewe ulikuja kuzima."

"Na yeye alikuwa na tawi mkononi," Nyaguthii alisema, akainua ndoo yake akaondoka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, walienda Eldoret pamoja, Nyaguthii akitaka kununua mbegu. Landrova ilikuwa imeanza kuchoka tangu kabla ya Krismasi, na Gathogo alisema ni uzee. Siku hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kilima ambacho zamani ilikipanda kwa gia ya tatu, sasa ilikipanda kwa ya pili ikilalamika, na petroli aliyotia jana yake ilikuwa imekaribia kwisha kama maji kwenye mchanga.

Walipokaribia mji, Nyaguthii alisogeza miguu yake.

"Hapa chini panaunguza."

"Ni injini. Kila injini ina joto."

"Baba Wamucii, kiatu changu kinanata."

Aliinua mguu. Soli ya raba ilikuwa imelainika, na ilipoachana na sakafu ya gari ilivuta uzi mweusi kama ulimbo. Kulikuwa pia na harufu. Si ya petroli wala ya raba. Nyaguthii aliivuta puani mara mbili, akageuka kutazama dirishani mpaka wakafika mjini.

Walishusha maziwa kiwandani, kisha Gathogo akaipeleka gari kwa fundi Kituyi. Kituyi alikuwa mtu wa Kimilili aliyejifunza kazi katika gereji ya Mhindi mmoja pale Eldoret, halafu akajenga banda lake la mabati chini ya mtaa wa West Indies, upande wa mto Sosiani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko, na alipenda kubahatisha ugonjwa wa gari kabla ya kufungua boneti.

"Hewa!" alisema mara tu Gathogo alipomaliza kueleza. "Kuna mahali kabureta inavuta hewa ya wizi. Petroli inakuwa kidogo, hewa nyingi, basi injini inachemka. Mzee Gathogo, hii ni kazi ya chai moja."

"Tuone," Gathogo alisema.

Kituyi aliiacha injini ikinguruma, akachukua chupa ya oili, akaidondosha kidogo kidogo kwenye kila ungio kati ya kabureta na injini. Kama palikuwa na tundu, oili ingeliziba kwa muda na mlio wa injini ungebadilika. Mlio haukubadilika. Akazima injini, akafungua plagi moja, akaishika kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa.

"Hmm," alisema. "Ingekuwa hewa, hii ingekuwa nyeupe. Hii plagi inakula vizuri. Basi nimekosea."

Alisema hivyo bila aibu, akairudisha plagi mahali pake. Kisha akamwomba Gathogo azungushe hendeli, kisha apande akanyage petroli kidogo, naye akaenda akavuta milango ya banda ikafungika. Ndani pakawa na giza la jikoni. Walisubiri. Injini ilinguruma, na taratibu, ubavuni mwake, lile bomba nene la chuma linalokusanya moshi kutoka silinda zote likaanza kuonekana lenyewe bila taa. Lilikuwa jekundu. Haukuwa wekundu wa kung'aa. Ulikuwa kama wa kaa lililoanza kujifunika majivu.

"Mungu wangu," Nyaguthii alisema.

"Joto limekaa kwa egzosi, kwa bomba la moshi," Kituyi alisema, kicheko kikiwa kimemwisha. "Maji ya rejeta yanachemka kidogo tu, lakini moshi ni kama tanuru. Sasa, ama moshi hautoki, ama unatoka ukiwa bado moto."

Alifungua milango, akaenda nyuma ya gari, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bomba. Akamwita Gathogo naye ajaribu. Pumzi iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya kusitasita, kama ya mtu mwenye pumu aliyepanda mlima.

"Hautoki," Kituyi alisema. "Kuna kitu kimeziba katikati. Zima, nilegeze bomba mbele ya sailensa, tusikie itasemaje."

Alilaza gunia chini, akaingia uvunguni na spana. Walimsikia akigonga, akinung'unika, halafu akanyamaza. Mkono wake ulitokea kando ya gurudumu ukiwa umeshika kitu kama kiota.

"Mzee, unafuga ndege huku chini?"

Kilikuwa kitita cha nyasi kavu na mabua ya ngano, vimebanwa kwa miezi kati ya sailensa na chuma cha gari. Sehemu ya juu ilikuwa ya manjano. Sehemu ya chini ilikuwa nyeusi, kila bua limeungua ncha kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kutumika. Kituyi alikitupa sakafuni, akavuta kingine, na hicho cha pili kilipoanguka kilipasuka katikati, na moshi mwembamba ukapanda. Chembe ya moto ilionekana, ikatambaa kwenye bua moja, ikawasha la pili. Kituyi alitoka uvunguni haraka, akaikanyaga.

Nyaguthii alikuwa ameinama. Aliokota bua lililozimika, akalinusa.

"Ni hii," alisema polepole. "Harufu niliyosikia ndani ya gari ni hii. Na ndiyo niliyosikia siku ile nikikimbia na gunia."

Akamgeukia mumewe.

"Siku ile ya lundo, uliipeleka gari mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye lundo."

"Ukaizima?"

"Sikuizima. Hendeli ni kazi. Niliiacha ikiwaka nikipakua."

"Na mwezi wa Desemba, pale mabua yalipoungua?"

Gathogo alikaa juu ya gurudumu bovu lililokuwa kando ya mlango. Alikumbuka vizuri. Asubuhi ile alikuwa amekata njia kupitia kwenye mabua ili awahi mikebe ya maziwa, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo. Alikumbuka mabua yakikwaruza chini ya gari kama kucha.

"Nilipita pale," alisema.

Kituyi aliwatazama wote wawili. Hakujua habari ya Kimeli, lakini aliona kwamba nyasi ile ilikuwa imewaambia neno zaidi ya alilokusudia yeye. Akarudi uvunguni bila kuuliza.

Alipolegeza bomba mbele ya sailensa na Gathogo akaizungusha tena, Landrova ilinguruma kama radi, mabati ya banda yakatetemeka, lakini ilivuta kwa nguvu, bila kusita. Kituyi alipiga kelele kwamba mgonjwa amepumua. Waliishusha ile sailensa, akaipasua kwa tindo upande mmoja. Ndani vibati vya kupunguza kelele vilikuwa vimeliwa na kutu na joto, vikaanguka vikalaliana, vikaacha mwanya wa kupitisha kidole tu. Kwa nje ungedhani sailensa ile ni nzima.

"Basi ndiyo hii," Gathogo alisema.

"Ningesema hivyo," Kituyi alijibu, "lakini leo nimeshakosea mara moja."

Akaiacha injini iendelee kunguruma bila sailensa, akafunga tena milango. Walikaa gizani wakiwa wameziba masikio. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, lakini mwishowe kile chuma ubavuni kikaanza tena kuwa chekundu.

"Unaona?" Kituyi alisema alipoizima. "Moshi sasa una njia, na bado unatoka na moto. Hii ni cheche. Cheche inachelewa."

Alifungua kifuniko cha distributa, chombo kinachogawa cheche kwa kila silinda. Akaunganisha balbu ndogo na betri yake mwenyewe, akazungusha injini kwa hendeli taratibu, inchi kwa inchi, akiitazama balbu. Ilitakiwa iwake wakati alama ya kwenye puli, lile gurudumu la mkanda, inapokutana na kidole cha chuma kilicho kando yake. Alama ilifika, ikapita, ikaenda mbali. Ndipo balbu ikawaka.

"Petroli inawashwa ikiwa imechelewa," Kituyi alieleza. "Haimalizi kuungua ndani. Inatoka bado ni moto, inaenda kuungulia kwa bomba. Hiyo ndiyo imekula vibati vya sailensa, na sailensa ikiziba, joto linazidi. Ugonjwa umezaa ugonjwa." Akashika distributa kwa vidole viwili, akainama kuitazama skrubu yake. "Na hii haikulegea yenyewe. Imefunguliwa ikafungwa. Nani ameigusa?"

Gathogo aliutazama mkono wake wa kulia. Mwezi wa Novemba hendeli ilikuwa imerudi nyuma kwa nguvu ikampiga kifundo, mkono ukavimba akashindwa kukamua kwa wiki nzima. Ndipo akakumbuka neno la dereva wake wa Thika.

"Mimi," alisema. "Niliambiwa zamani kwamba ukiirudisha nyuma kidogo, hendeli haipigi."

"Aliyekuambia hakudanganya. Lakini hiyo ni ya kuwashia tu. Ukishawasha unairudisha mahali pake."

"Niliiacha hivyo."

"Umeiacha hivyo," Kituyi alikubali kwa upole, na akaanza kuirekebisha.

Alasiri walikuwa na sailensa nyingine, iliyotolewa kwenye Landrova iliyokufa nyuma ya banda. Kituyi alifunga pia kipande cha bati juu ya bomba, ili nyasi isipate mahali pa kulala. Walipofunga milango mara ya tatu, wakasubiri na kusubiri, giza likabaki giza. Sailensa ya zamani Gathogo aliomba aende nayo, pamoja na kile kitita cha mabua.

Njiani gari ilipanda vilima kama iliyofunguliwa kamba. Hakuna aliyeisifu.

"Utaenda leo?" Nyaguthii aliuliza walipokaribia kona ya nyumbani.

"Nitaenda leo. Nikilala nayo, kesho nitapata maneno ya kujitetea."

Jua lilikuwa bado lipo alipofika kwa Kimeli kwa miguu. Kimeli alikuwa zizini akirekebisha nira, amevaa shati lenye mikono mirefu licha ya joto. Jepkosgei alimwona Gathogo kwanza. Aliacha kukamua, akasimama, lakini hakumletea kiti.

"Chamgei," Gathogo alisema. Ilikuwa salamu, moja kati ya maneno machache ya lugha ya Kimeli aliyoyajua.

"Chamgei," Kimeli alijibu bila kuinua kichwa.

"Kimeli, ule moto ni wangu. Wa kwanza na wa pili."

Kimeli aliiweka nira chini. Gathogo akamwambia yote: chuma chekundu, nyasi chini ya gari, hendeli, distributa. Hakuacha kitu. Kimeli alimsikiliza mpaka mwisho, akiutazama ua ulioko kati ya mashamba yao.

"Fundi ndiye amesema?"

"Fundi ameona, na mimi nimeona. Hata mama Wamucii ameona."

"Jumapili iliyopita," Kimeli alisema, "huyu mke wangu alienda kanisani akakaa. Benchi lote likawa lake peke yake. Watu walihama. Unajua hiyo?"

"Sikujua."

"Sasa umejua." Alipandisha mkono wa shati kujikuna, na Gathogo akaona kidonda kirefu kwenye mkono, chenye ngozi mpya ya waridi.

"Uliipata wapi hiyo?"

"Kwa nyasi yako. Nilifika kabla yenu nikapiga kwa tawi. Nikadhani nitaweza."

Fahali mmoja alikuja akamnusa Gathogo bega, akaondoka.

"Uliniita mchomaji mbele ya watu," Kimeli alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Leo unakuja kuniambia mimi ni mzuri, na anayesikia ni huyu fahali."

"Jumamosi kuna mkutano. Njoo."

"Nije kuhukumiwa?"

"Uje usikie nitakachosema."

Kimeli aliichukua nira yake tena. "Nitaona," alisema.

Jumamosi wanakikundi walikusanyika katika ghala la zamani la ngano. Mzee Zachariah aliomba, wakaketi. Vijana walikuwa wamesimama nyuma karibu na mlango, na walipomwona Kimeli akiingia na ndugu yake mmoja, manung'uniko yalianza. Gathogo alisimama kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Hakuwa amelala vizuri na sauti yake ilikuwa imekauka.

Aliiweka ile sailensa iliyopasuliwa juu ya meza, na kando yake yale mabua. Akaeleza. Hakuwa msemaji, na mara mbili alirudia jambo lile lile, lakini alipofika kwenye distributa hakusema "iliguswa." Alisema, "Niliigusa mimi." Wazee walipitishiana sailensa mkono kwa mkono, wakichungulia ndani, viganja vikiwa vyeusi kwa masizi.

"Una hakika, Gathogo?" Mzee Zachariah aliuliza.

"Nina hakika, Mzee. Gari yangu ilibeba moto, mimi nikaupeleka mwenyewe kwenye nyasi yangu. Huyu hapa alikuja kuuzima akaungua mkono. Mimi nikamtukana."

Simeon, ambaye shamba lake lilikuwa la juu kabisa na ambaye hakuwahi kupoteza hata bua moja, aliinua mkono. "Hata kama gari ni mbovu," alisema, "sisi sote tunajua Kimeli alikitaka kile kipande."

"Alikitaka," Gathogo alijibu. "Hata wewe ulikitaka, Simeon, ulilia kura ilipokunyima. Mbona sikukushuku wewe?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, na Simeon akajifanya kutafuta kofia yake. Ghalani pakawa na ahueni kidogo. Mzee Zachariah alijifuta masizi kwa leso, akatangaza kwamba jina lililotakiwa kupelekwa kwa chifu halitapelekwa, na kwamba yeye mwenyewe atalisema jambo hili kanisani ili waliohama benchi wasikie. Kisha akamwuliza Kimeli kama ana neno.

Kimeli alisimama.

"Nimesikia," alisema. "Ng'ombe wangu bado wanazunguka kwa barabara."

Akavaa kofia yake, akatoka na ndugu yake.

Gathogo hakungoja maombi ya kufunga. Alikwenda moja kwa moja mpakani na koleo, Nyaguthii akimfuata. Alikata seng'enge uzi kwa uzi, naye Nyaguthii akazikunja akiwa amevaa glavu za gunia ili zisimchome. Ilikuwa kazi ya jasho, kwa maana aliyezifunga alikuwa amezifunga kwa hasira. Jioni hiyo hakuna ng'ombe aliyepita. Kesho yake, baada ya kanisa, walipita wote, Kimeli akiwa nyuma yao, na alipomwona Gathogo kwa mbali aliinua fimbo yake kidogo, akaendelea.

Kwa muda ikawa hivyo tu. Fimbo ikiinuliwa, mkono ukiinuliwa. Jepkosgei na Nyaguthii walianza kuongea mtoni, kwanza juu ya watoto, halafu juu ya mengine. Waume wao walikawia. Gathogo alitamani siku moja Kimeli aje akae kama zamani, lakini hakumwambia, kwa sababu hakuona kwamba ana haki ya kudai.

Mwezi wa Machi mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima ya Cherangany. Asubuhi moja Gathogo alipofika kwenye njia panda na mikebe yake, alimkuta Kimeli amesimama, amevaa koti la kwenda mjini. Akasimamisha gari.

"Kuna nafasi?" Kimeli aliuliza.

"Ipo."

Kimeli alipanda mbele, akavuta mlango ukafungwa kwa waya wake. Walipopita shamba ambalo mtu alikuwa ameanza kupanda, Kimeli alitikisa kichwa.

"Huyo atarudia," alisema. "Mvua hii ya kwanza ni ya uongo. Inalowesha juu, halafu inaenda, mbegu inaoza."

"Mimi nilitaka kuanza kesho."

"Usianze. Ngoja mpaka uone siafu wanahama kutoka kule chini kwako. Wakipanda juu, panda."

"Siafu?"

"Babangu ndiye alituonyesha. Mzungu alikuwa akicheka, halafu anatuuliza kila mwaka kama wamehama."

Gathogo alicheka, na Kimeli naye akatabasamu akitazama mbele. Waliongea juu ya mbegu mpaka Eldoret. Mjini Gathogo alisimama karibu na soko, Kimeli akashuka, akajikung'uta vumbi la koti. Alikuwa ameshapiga hatua chache alipogeuka.

"Ukimaliza na maziwa," alisema, "unipitie hapa."

"Nitakupitia," Gathogo alisema, akaingiza gia.